Nguo Saba za Roda

Tunduma nzima ilipima ugumu wa mwaka kwa nguo za Roda. Wako waliopima kwa bei ya chumvi, na wako waliohesabu wanaume waliokuwa wakirudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, sanduku kichwani, mfuko mtupu. Lakini mtu aliyetaka habari ya uhakika aliuliza swali moja tu: Jumamosi kilabuni kwa Anastazia, Roda alibaki na ngapi?

Maana mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Roda aliingia uwanjani amejifunga nguo saba, moja juu ya nyingine, mnene kama bibi harusi wa masika. Ngoma ikikolea, mwanaume ananyanyuka, analowesha senti kumi kwa ulimi, anambandika kwenye paji la uso. Roda anacheza senti isianguke, kisha anaivua nguo ya juu, anaizungusha hewani na kumtupia Anastazia begani. Senti nyingine, nguo nyingine. Zilivuliwa sita. Ya saba, kaniki iliyofungwa juu ya matiti, haikuvuliwa hata kama mtu angekuja na sanduku la mshahara wa mgodi mzima. Hiyo, alisema Anastazia, ni ya Mungu na wazazi. Watu wa kanisani walisema hata kwa zile sita Mungu hakuulizwa, ila idadi yake waliijua vizuri.

Mwaka wa ishirini na tisa, shaba ilipokuwa shaba, Roda alibaki na moja kabla hata jasho halijamtoka. Mwaka uliofuata alibaki na tatu. Sasa ulikuwa wa thelathini na mbili, na Jumamosi iliyopita, mbele ya wanaume kumi waliokaa kama wako matangani, alibaki na sita.

Na hiyo moja iliyovuliwa, aliyetoa senti alikuwa Yonathani, mume wa Anastazia, mpiga ngoma wa nyumba. Aliona aibu ya msichana, akaacha ngoma katikati, akaenda kumbandika senti yake mwenyewe. Wateja wakatazama chini. Kisha Watson, aliyewahi kuwa fundi wa baruti mgodini, akasimama kwa kishindo, akalowesha kitu, akakibandika. Watu wakashangilia. Roda akakibandua, akakitazama: kilikuwa kipande cha bati chenye namba walichopewa wachimbaji ili wajulikane kazini.

"Shika namba yako, kaka," Roda akamwambia. "Utaitwa."

Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Roda hakucheka. Alienda nyuma ya pazia na nguo zake sita, jasho likimchuruzika mpaka vifundoni, na Anastazia alipomfuata na kata ya maji alimkuta ameketi juu ya kinu, hata hajazifungua.

"Mama mdogo," alisema, "mimi nimekuwa mzigo wa nguo."

*

Roda hakuwa mfanyakazi tu. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Anastazia, aliyeolewa ng'ambo na kufia huko. Alikuja akiwa na miaka kumi, akakulia kwenye moshi wa mapipa ya pombe, na siku alipoanza kucheza hakuna aliyemfundisha. Wasichana wengine wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja kaolewa Mlowo, mwingine kaenda tu bila kuaga. Kilabu kilisimama juu ya Roda kama kibanda juu ya nguzo ya kati.

Jumatatu ndipo Amoni alipofika. Alikuwa na lori, kofia ya hudhurungi na sauti ya mtu anayelipwa kusema. Alitoka upande wa machimbo ya dhahabu ya Lupa, ambako bwana mmoja alikuwa amefungua nyumba ya kuchezea yenye taa mbili za karabai. Alimsifia Anastazia pombe yake, akamsifia Yonathani ngoma yake, na baada ya sifa hizo zote akasema alichojia.

"Shaba imelala, mama. Dhahabu haijui mwaka mbaya. Kule mtu akikosa senti anabandika chembe."

Anastazia alimwuliza chembe inakaaje pajini kwa mtu anayetoka jasho. Amoni akasema inakaa, maana msichana mwenyewe hatoki jasho sana, kule hachezi na nguo sita. Hapo Roda, aliyekuwa anachekecha unga pembeni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na kicheko hicho kikamwingia Anastazia kama mwiba wa samaki.

Asubuhi ya Jumanne Roda alikuja mwenyewe, akapiga goti kama anavyopaswa mtoto, akasema hana chuki na mtu. Amekula ugali wa nyumba ile miaka kumi na mitatu. Lakini alikuwa na miaka ishirini na mitatu na miguu haimngoji mtu. Amoni angepita tena Jumamosi akitoka mpakani. Kama siku hiyo nyumba ingejaa, watu wakakosa pa kukaa kama zamani, angebaki, na neno lile asingelisema tena. Kama wangekuwa wale kumi wa matangani, angepanda lori.

"Ijae kwa kitu gani, mwanangu?" Anastazia akauliza. "Senti zenyewe zimeenda kuzikwa pamoja na shaba."

"Mimi sijui, mama mdogo. Wewe ndiye mwenye nyumba."

*

Mwenye nyumba alienda kukaa barabarani. Ndivyo alivyofanya kila mara akili ilipokwama: alibeba kigoda, akakaa pale njia inapotoka mpakani, akatazama wapitao. Hapo alikuwa ameshajifunza mengi kuliko waliokwenda shule, ikiwa ni pamoja na nani ana mimba ya nani.

Wakapita wakimsalimu kwa lugha ya kwao: mwapoleni mama, mwapoleni. Wanaume wa Msangano, wa Mbozi, wengine wa mbali kwenye milima ya Ileje. Kila mmoja alikuwa na ile sura ya mtu aliyefukuzwa kazi akaambiwa ni mapumziko. Na kila mmoja alikuwa na sanduku. Anastazia aliyatazama yale masanduku ya bati yenye maua mekundu, yanavyolemea shingo, yanavyobadilishwa bega. Hakuna anayehangaika hivyo na sanduku tupu.

Alimsimamisha Enoka. Huyu alimjua, alikuwa mume wa Yunisi, na Yunisi alikuwa binti wa Teresia, dada mkubwa wa marehemu mama yake Anastazia. Kwa hiyo yeye na Yonathani walikuwa wakwe wa mlango mmoja. Enoka alikuwa amefika siku nne nyuma na bado alikuwa anatembea na sanduku lake hadi mpakani na kurudi, ili watu waone kwamba amerudi nalo.

"Umebeba nini humo, shemeji, mawe?"

Enoka akanyanyua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nguo. Walipojua kazi inakwisha, alisema, wote walikimbilia dukani kumalizia mshahara wa mwisho, kila mtu akihofia kurudi na senti zikaombwa na ndugu njiani. Senti huombwa. Nguo iliyokunjwa sandukuni nani ataiomba?

Anastazia alirudi nyumbani mbio na kigoda chake kichwani. Alimkuta Yonathani anakaza ngozi ya ngoma juani, akamweleza huku anahema. Mchezo utageuzwa. Roda ataingia na ile kaniki moja tu, ile ya mwisho. Hatavua kitu. Wanaume ndio watamvisha. Atakayemfunika nguo nzuri kuliko ya mwenzake atapewa kibuyu kizima cha pombe, na hao watu wa mgodini, kwa majivuno waliyonayo, watamvisha kwa kushindana hapo mpaka jua lichwe. Jumatatu nguo zitakwenda Msangano kubadilishwa kwa ulezi, maana ghala lao lilikuwa limebakiwa na debe moja. Pombe itakuwepo, Roda atakuwepo.

Yonathani aligongagonga ngozi kwa kidole kusikiliza.

"Hizo nguo zina wenyewe, Anastazia."

"Kila kitu kina mwenyewe. Hata Roda ana mwenyewe, na Jumamosi anakuja na lori."

Alijua Yonathani anasema nini. Mwanamke yeyote wa pande zile angejua. Mwanaume akirudi kutoka mgodini, nguo ya mke hutolewa siku ileile ya kwanza. Inayobaki chini ya sanduku ni ya mama mkwe. Hiyo haiguswi wala haionyeshwi. Hungoja siku nzuri, ikatumwa ikiwa imekunjwa vilevile ilivyotoka dukani, maana mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawaonani uso. Akimwona njiani anaingia porini. Akisikia sauti yake nyumbani anatoka kwa mlango mwingine. Ile nguo ndiyo salamu yake, ndiyo mdomo wake. Haya yote Anastazia aliyajua, akayaweka nyuma ya kichwa, akafunika na sufuria.

*

Jumamosi saa nane mchana nyumba ilijaa. Ilijaa mpaka mapipa yakatolewa nje, ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya madirisha, mguu mmoja ndani mmoja nje. Habari ilikuwa imetembea na watembeao: kwa Anastazia hakuna anayeulizwa senti. Waliovaa makoti ya mgodini walikaa mbele na masanduku yao magotini, wakitazamana kwa pembe ya jicho.

Roda aliingia na kaniki yake moja. Wengi walikuwa hawajamwona hivyo tangu miaka mitatu iliyopita, na sasa alikuwa hivyo mwanzoni, kabla ya mtu kutoa kitu. Yonathani akapiga. Roda akazunguka mara moja, taratibu, mikono ameifungua kama mtu anayesikia baridi.

Watson ndiye aliyeanza, labda kwa sababu ya ile namba. Akafungua sanduku, akatoa shuka la marekani jeupe, akamfunika mabegani. Ukumbi ukalipuka. Kabla Watson hajapokea kibuyu chake, Fanueli wa Mlowo amesimama na nguo ya bluu, anasema marekani ni ya kuzikia maiti. Mwingine akaja na ya mistari. Mwingine akaja na ya maua, akapigiwa makofi, akarudi mahali pake kama jumbe. Ikawa watu wa mgodi huu dhidi ya watu wa mgodi ule, na watu wa Mbozi dhidi ya watu wa Momba, na jirani dhidi ya jirani. Anastazia alipasua njia katikati yao na vibuyu viwiliviwili, sauti imemkauka, moyo unampiga kwa raha. Alihesabu nguo saba, nane, tisa. Kwenye kumi na moja Roda alikuwa hawezi tena kukunja mikono, anacheza kwa shingo na macho tu, na hata hivyo watu walikuwa wanalia kwa kupendezwa.

Hapo Enoka akasimama. Alitoa nguo ya hariri nyekundu yenye ndege wa kijani, mikunjo ya dukani bado imesimama juu yake. Alimfunika Roda kichwani kama taji, akarudi kukaa huku ukumbi ukitingishika.

Na mlangoni, Anastazia aliona kofia ya hudhurungi. Amoni alikuwa amefika, anatafuta pa kupitisha mguu, hapaoni. Anastazia akamtazama, akacheka, akamwambia kwa mdomo bila sauti: hesabu.

Ndipo mwuza karanga wa nje alipopitisha kichwa dirishani na kusema maneno matatu.

"Wakwe zenu wanakuja."

*

Yunisi ndiye aliyekwenda kwenye sanduku asubuhi ile, kuitoa nguo ya mama yake ili kesho ipelekwe. Alikuta sanduku lenyewe halipo. Akaenda kwa jirani kuuliza, jirani akaenda kutazama lake. Kufikia mchana habari kwamba masanduku yako kwa Anastazia ilikuwa imepita nyumba zote zenye binti aliyeolewa na mtu wa mgodini. Kina mama wakatoka. Hawakukimbia. Walikuja kwa mstari barabarani, kumi na wawili na wengine waliofuata kwa udadisi, Teresia mbele, mnyoofu, mgongo haujawahi kuinama mbele ya mlango wa kilabu.

Ndani, wanaume hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Watson alitoka kwa dirisha la mashariki, kichwa mbele. Fanueli alitoka kwa lile la magharibi akamwangukia mwenzake. Makoti yalinasa, masanduku yaligongana, mzee mmoja mwenye wakwe wawili alijifunika kofia usoni akatoka kwa kupapasa. Yonathani aliitupa ngoma akapita juu ya benchi, kwa maana Teresia alikuwa mkwe wake naye. Kufumba na kufumbua, katika nyumba iliyokuwa haina nafasi ya mguu, walibaki watu watatu: Anastazia na kibuyu mkononi, Roda ndani ya nguo kumi na tatu, na Amoni, mgeni asiyeogopa mtu, amekaa peke yake kwenye benchi refu na tabasamu lake.

"Mama," alisema, "naona nimehesabu."

Anastazia akageukia mlangoni. Teresia alikuwa ameingia. Mama mkubwa wake, ambaye kwa miaka minane alipita barabara ya juu ili asiione nyumba hii. Anastazia alipiga goti palepale kwenye udongo uliolowa pombe.

"Inuka," Teresia akamwambia. "Nimekuja kuchukua nguo yangu. Nasikia imetangulia kilabuni kabla yangu."

Kina mama waliingia, wakajaza benchi zilezile, bado zina joto. Mmoja alimtazama Amoni juu mpaka chini, akamwuliza yeye ni mkwe wa nani. Amoni akasema hana mkwe. Basi kaa hapo, akaambiwa, tutakutafutia. Amoni akavua kofia.

Anastazia akasema nguo zipo zote, hata moja haijatoka mlangoni, kila mama achukue yake. Na hapo ndipo jambo lilipokwama. Hakuna mama aliyejua nguo yake. Hakuna aliyekuwa ameiona. Waliozijua walikuwa nje, wamejibanza nyuma ya ukuta wa udongo, hawawezi kuonekana wala kutaja jina la mama mkwe kwa kinywa chao.

Anastazia alimtazama Roda, kichuguu cha nguo chenye macho mawili. Roda alimtazama yeye. Macho yale yalikuwa yanacheka.

Anastazia akaenda akainua ngoma ya mume wake, akaiweka katikati ya magoti. Hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Alianza polepole, mkono wa kulia tu. Roda akasogea kwa shida hadi katikati, akaivua ile nguo nyekundu yenye ndege, akaizungusha hewani, akaipeperusha kuelekea dirishani.

Nyuma ya ukuta sauti ikakohoa. "Hiyo," ikasema, "ni ya mama wa Yunisi."

Teresia akasimama, akaipokea. Akaigeuza, akaipapasa mikunjo. Zamu yake ilikuwa imekwisha, angeweza kuondoka. Lakini alibaki amesimama pale, anautazama uso wa Roda, mtoto wa mtoto wa mdogo wake, unavyotiririka jasho. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la nguo aliyovaa. Ndani mlikuwa na senti kumi, ile yenye tundu, imepitishwa uzi pamoja na nyingine. Fedha ya mayai, fedha ya kuku, fedha ambayo hakuna mume wala mkwe aliyejua ipo. Akachomoa moja, akailowesha kwa ulimi, akambandika Roda pajini.

"Kwetu," akasema, "mtu havui bure."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka ng'ambo ya mpaka. Anastazia akatia na mkono wa kushoto. Nguo ya kumi na moja ikaruka, sauti nje ikasema ni ya mama wa fulani, mama akainuka, pindo likafunguliwa, senti ikabandikwa. Ya kumi. Ya tisa. Wengine waliingia kutoka barabarani, wakasimama ukutani, wakakaa juu ya madirisha walikotokea wakwe zao. Mama mmoja alionja pombe, akasema ulezi umetiwa kidogo. Anastazia, bila kuacha ngoma, akasema ghala halina kitu. "Kwangu umejaa panya," mama akajibu. "Hakuna anayenunua mwaka huu. Tuma mtu Jumatatu." Nje, wanaume walikuwa wanaomba jamani mtu awapitishie hata kata moja dirishani, na hakuna aliyewasikia.

Nguo ya mwisho ilikuwa ile marekani ya Watson. Ilipotoka, Roda alisimama katikati ya nyumba iliyojaa hadi kizingitini, pajini ana senti, na juu ya mwili wake kaniki moja.

Amoni alijipenyeza mpaka kwake, kofia kifuani. Alimwambia lori linaungurumishwa.

Roda alikuwa anahema. Aliibandua senti, akaitazama kupitia tundu lake.

"Nimebaki na moja, Amoni," alisema. "Si ulisema umehesabu?"

*

Teresia alitoka wa mwisho, nguo nyekundu kwapani. Mlangoni aligeuka, akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, Jumamosi ijayo wanaanza saa ngapi. Anastazia akasema saa nane, kisha akasita, akauliza itakuwaje na wale wa nje, maana nao watakuja. Teresia akasema hilo ni la mwenye nyumba.

Jumatatu asubuhi, ulezi wa kwanza ulipokuwa unashushwa uani na Roda akiupokea, Yonathani alisimama nyuma ya kilabu na jembe begani. Anastazia alikuwa amechora mlango wa pili kwenye ukuta kwa mkaa, upande ule wa porini.

"Uwe mpana kiasi gani?" Yonathani akauliza.

Anastazia akafikiri.

"Mpana wa mtu anayekimbia."